Mwani wa bwawani: jicho, vinasaba na ndoo za shangazi

Watu wa Tanga wakisikia nafanya kazi ya mwani, moja kwa moja wanafikiria kamba na vigingi, akina mama wanaoshinda ufukweni maji yakitoka, na bei ya kilo imefika wapi. Wangu siyo huo. Wangu ni wa maji baridi: ukijani wa mabwawa ya samaki Muheza, utelezi wa mawe ya Mto Zigi, nyuzi zinazoning'inia kwenye matangi ya maji ya mvua, na vichaka vinavyoota chini kabisa ya mashimo ya machimbo ya chokaa huku Kiomoni. Kazi yenyewe ni kuupa jina. Ukiieleza hivyo inaonekana ndogo. Nimeifanya kwa miaka kadhaa na bado kabatini mwangu zipo chupa zilizoandikwa jina la jenasi tu, yaani la kundi la spishi ndugu, na nyingine hata hilo sijathubutu kuandika.

Anayeniletea chupa haulizi jina. Anauliza kama samaki watakufa, kama ng'ombe wanywe, kama mtoto aliyeoga humo aoshwe na nini. Lakini majibu yote hayo yamefungwa ndani ya jina. Spirogyra ikijaa bwawani ni kero ya nyavu. Microcystis ikijaa ni habari nyingine kabisa. Na kwa mtu aliyesimama ukingoni, zote mbili ni maji yaliyogeuka kijani.

Sehemu kubwa ya kazi huishia pale pale ukingoni, na hili nimelipata kwa kuchafuka kuliko kwa kusoma. Ukivuta nyuzi za kijani zikateleza vidoleni kama mlenda, na huoni tawi hata moja, kuna uwezekano mkubwa ni Spirogyra au ndugu zake wa karibu. Zikikwaruza, zikawa na matawi na zimeng'ang'ania jiwe, fikiria Cladophora. Ukikuta kinachofanana na mmea kamili, chenye shina na vitawi, lakini ukikisugua kinavunjika kwa mlio na kunuka mithili ya kitunguu saumu, hiyo ni Chara, na itakupa kazi ya miezi. Utando mzito unaoelea upande ule upepo unakosukumia maji, ambao ukikauka kwenye mawe unaacha doa la bluu, ushike ukiwa umevaa glavu.

Kwa huo utando kuna jaribio la bure. Chota maji kwenye chupa inayopitisha mwanga, iweke kivulini isitikiswe, nenda kanywe chai. Mwani wa kijani wa kawaida utakuta umetua chini. Sainobakteria nyingi, yaani bakteria wanaoishi kwa mwanga kama mwani, Microcystis akiwemo, zitakuwa zimepanda juu, kwa kuwa seli zake zina vipovu vidogo vya gesi vinavyoziinua. Wapo wadanganyifu: Euglena ana mkia wa kuogelea na hupanda mwenyewe kufuata mwanga. Lakini kwa dakika za chai moja, umeshajua kama kuna haja ya kuharakisha.

Hadubini niliyoanzia ilikuwa ya shule, ya kioo cha kuakisi jua badala ya taa. Nawashauri vijana wasiidharau. Umeme ukikatika wewe unaendelea. Kwa hadubini hiyo hiyo Spirogyra inajitambulisha yenyewe: ndani ya kila seli kloroplasti ni utepe uliojizungusha kuanzia mwanzo hadi mwisho, wakati mwingine tepe mbili au tatu zinazopishana. Mwanafunzi akiuona mara ya kwanza huita wenzake. Kisha anataka jina la spishi, na hapo ndipo furaha inapokatika, maana spishi za Spirogyra hutenganishwa hasa kwa mbegu zinazotokea pale nyuzi mbili zinapojipanga sambamba, seli zikaunganishwa kwa vidaraja, na vilivyomo ndani ya moja vikahamia kwa nyingine. Mikunjo na vishimo vya ukuta wa mbegu hiyo ndivyo vinavyosomwa. Nyuzi nyingi utakazovuta mwaka mzima hazina mbegu. Ukiona mtu amekuandikia spishi ya Spirogyra isiyo na mbegu, kwa kutazama tu, muulize ameiona wapi.

Chombo changu cha pili kwa thamani ni kichupa cha iodini cha duka la dawa. Tone moja pembeni mwa kifuniko cha slaidi, likavutwa kwa karatasi upande wa pili. Mwani wa kijani huhifadhi wanga, kwa hiyo unapata madoa meusi yenye ubluu. Sainobakteria zinabaki na rangi ya kahawia au manjano. Diatomu, mwani wa seli moja wenye nyumba ya silika, hazina wanga wa namna hiyo. Euglena ni wa kijani kibichi kabisa lakini akiba yake haikubali iodini, na hilo limeniokoa kwenye mabwawa ambayo uso wake hugeuka mwekundu mchana na kijani jioni. Yupo mmoja, Euglena sanguinea, anayejulikana kuua samaki kwa sumu yake, kwa hiyo huyo hafai kuchanganywa na mwani wa kawaida.

Sasa nirudi kwa Chara, maana ndiyo iliyonifundisha mengi.

Kiomoni na Maweni ardhi ni ya mawe ya chokaa, ndiyo hayo yaliyolika kwa maji yakatoa mapango ya Amboni, na ndiyo yanayochomwa kuwa saruji. Shimo la machimbo likiachwa, mvua hulijaza, na maji yake huwa magumu, yenye chokaa nyingi. Chara huyapenda. Inavuta chokaa mpaka inajivika ganda la kijivu, ndiyo maana inakwaruza na kuvunjika. Nikifika nayo nyumbani, kitu cha kwanza ni siki ya jikoni. Weka kipande kwenye kisahani, mwagia siki, utaona mapovu yakipanda mpaka ganda liishe, kisha suuza. Bila hivyo chini ya lenzi huoni kitu ila vumbi la mawe.

Kipande kingine usikiwekee siki, kiache hai. Pingili moja ya Chara, kutoka kifundo hadi kifundo, ndani yake ni seli moja ndefu, inaweza kufikia sentimita kadhaa. Ikikaa chini ya lenzi ndogo unaona punje za ndani zikipanda upande mmoja na kushuka upande wa pili bila kusimama. Mwitaliano Bonaventura Corti aliuona mwendo huo mwaka 1774, na watoto wa mtaa wetu wameuona wakiwa wamepanga foleni uani. Nitella, ndugu yake, inafaa zaidi kwa onyesho hilo kwa sababu iko uchi. Pingili za Chara nyingi zina koti: safu za seli nyembamba zinazopanda kuizunguka ile seli kubwa, na koti hilo linazuia kuona.

Lakini koti ndilo kitambulisho. Unahesabu safu zake. Unatazama kama lina vimiba, virefu au vifupi, kimoja kimoja au vishada. Unatazama chini ya kila duara la vitawi kama kuna pete ya vijimiba, safu moja au mbili. Unatazama viungo vya uzazi: cha kiume ni kidonge cha rangi ya chungwa kinachoonekana kwa macho matupu, cha kike kimezungushiwa nyuzi za seli zilizojisokota na juu kina taji. Taji la Chara lina seli 5. La Nitella lina seli 10, za ghorofa mbili. Hiyo ni tofauti ambayo haijawahi kunisumbua. Na Chara ya mashimo yangu ilikuwa na alama moja nzuri: kipande cha kwanza cha kila kitawi, kile kinachogusa shina, hakikuwa na koti, vilivyofuata vilikuwa nalo. Alama hiyo inakupeleka kwenye kundi la Chara zeylanica, linalopatikana nchi nyingi za joto.

Shida ilikuwa kwamba mashimo mawili, ambayo ukirusha jiwe kutoka moja linakaribia kufika jingine, yalitoa Chara mbili. Ya shimo fupi, lenye jua kutwa, ilikuwa fupi, imejaa vimiba, pingili zimebanana. Ya shimo refu lenye kivuli cha ukuta wa mwamba ilikuwa ndefu, legevu, pingili zimeachana, vimiba vya kutafuta. Kila niliyemwonyesha picha alisema ni spishi mbili.

Ugomvi wa namna hii si wa Tanga peke yake. Mwaka 1965 Mmarekani R. D. Wood alipanga upya jamii nzima hii ya Chara na ndugu zake duniani, akaunganisha spishi nyingi zilizokuwa na majina yake, akizihesabu kuwa ni sura tofauti za spishi chache. Miaka iliyofuata Vernon Proctor alianza kuzilea na kuzijamiisha maabarani, moja kutoka nchi hii na nyingine kutoka nchi ile, akakuta nyingi ya hizo "sura" hazizaliani kabisa. Mmoja aliunganisha kwa jicho, mwingine akatenganisha kwa uzazi, na kundi la zeylanica lilikuwa katikati ya mvutano huo.

Na mwani kweli hubadilika sura. Scenedesmus akiwa salama kwenye chupa anaweza kuishi seli moja moja. Ukimwekea maji yaliyochujwa kutoka kwa Daphnia, yule mdudu mdogo wa majini anayemla, anajipanga seli nne nne au nane nane ili asimezeke kirahisi. Daphnia mwenyewe hayumo, ni harufu yake tu. Micractinium humea nywele ndefu akihisi harufu ya wale rotifera, wanyama wadogo mno wa majini, waitwao Brachionus. Kwa hiyo mtu anayechora miiba na kuita jina jipya, huenda anachora hofu ya mwani wa jana. Zile duara za kijani zisizo na alama yoyote ndizo balaa zaidi. Beijerinck alipoziita Chlorella mwaka 1890 wengi walifuata, kila duara la kijani likawa Chlorella, mpaka usomaji wa vinasaba mwishoni mwa miaka ya 1990 ulipoonyesha kwamba spishi zinazostahili jina hilo ni chache sana na nyingine ni watu baki waliokutana kwenye umbo moja. Mwaka 1999 Desmodesmus akaondolewa ndani ya Scenedesmus.

Upande wa pili pia upo, wa majina mawili kwa kitu kimoja. Cylindrospermopsis, sainobakteria wa maji ya joto, alijulikana kwa seli ya pekee iliyo nchani mwa uzi, heterosisti, ambayo kazi yake ni kunasa naitrojeni ya hewani. Raphidiopsis alijulikana kwa kutokuwa nayo. Sasa fikiria: maji yakiwa na naitrojeni ya kutosha, seli hiyo haina kazi na uzi hautengenezi. Mwaka 2018 wawili hao waliwekwa jenasi moja, na kwa kuwa Raphidiopsis lilikuwa jina kongwe, ndilo lililobaki. Vitabu vingi vya ufunguo, vya kutambulia spishi, vilivyopo kwenye rafu zetu bado vinawatenganisha kwa alama hiyo hiyo.

Basi nikaamua Chara za Kiomoni zisomwe vinasaba.

Watu wanaoiona maabara kwenye televisheni hudhani kazi ya DNA inaanza kwenye mashine. Inaanza kwenye matope. Sampuli yangu naigawa mara tatu kabla sijaondoka majini: moja hai kwa hadubini, moja kwenye iodini ya Lugol kwa kuhesabu na kutunza umbo, na moja ya vinasaba. Hii ya tatu haiguswi na formalini kabisa. Nimefunguliwa kabati la chuo fulani lenye chupa nzuri za miaka mingi, mwani umekaa vizuri, rangi imepauka tu, na zote zilikuwa ndani ya formalini. Kwa umbo ni hazina. Kwa kusoma mfuatano wa jeni, formalini imeshakatakata na kuung'ang'aniza uzi wa DNA kiasi kwamba kupata kitu ni bahati. Kwa vinasaba nakausha haraka kwenye silika jeli, zile punje za vipakiti vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya, au naweka kwenye ethanoli isiyopungua asilimia 95. Silika naipenda zaidi kwa sababu basi la Dar halina shida nayo, na haihitaji friza.

Na si kila kipande kinafaa. Chara ya zamani imebeba wageni: diatomu, nyuzi za mwani mwingine, konokono wachanga, mayai ya wadudu. Ukisaga vyote umesoma mtaa mzima. Nachukua ncha changa tu, napiga mswaki laini ndani ya maji safi chini ya lenzi, nabadilisha maji, narudia mpaka nichoke. Asiyefanya hivyo ataletewa mchoro wenye vilele viwili juu ya kila herufi, kwa kuwa mashine imesoma viumbe wawili kwa pamoja, na fedha imekwenda.

Maabara yenyewe nitaipita haraka. Unasaga, unapasha moto kwenye mchanganyiko wa CTAB, aina ya sabuni, unatoa protini kwa klorofomu, unaidondosha DNA kwa pombe. Adui ni ute. Mwani una sukari ndefu zinazong'ang'ana na DNA, na maji ya mabwawa yenye majani yaliyooza yana rangi ya chai inayoziba kimeng'enya cha PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi. Mara nyingi jeli ya kuonyesha DNA iliyonakiliwa inatoka tupu na mtu anaongeza DNA zaidi. Fanya kinyume: ipunguze makali kwa maji mara 10, na vile vizuizi navyo vinapungua. Fundi sanifu mmoja wa Dar alinionyesha hilo bila hata kuinua kichwa kwenye bomba lake, na limenifaa kuliko semina.

Swali linaloamua yote ni unasoma sehemu gani. Jeni ya 18S, karibu herufi 1,800, inabadilika polepole sana, inakuambia ukoo mkubwa, lakini spishi mbili za jenasi moja zinaweza kulingana kabisa. Kipande cha ITS2 ni kifupi, herufi mia mbili na kitu, inabadilika haraka, inafaa kwa spishi. rbcL, jeni ya kloroplasti inayohusika na kunasa hewa ya ukaa, iko katikati na ndiyo inayotumika sana kwa Chara na diatomu. Kwa sainobakteria ni 16S, kwa kuwa wao ni bakteria. Mtu akiniambia "tumepata asilimia 99" bila kutaja jeni gani, hajaniambia kitu.

Na hiyo asilimia inalinganishwa na nini? Unapeleka herufi zako GenBank, hifadhi ya mtandaoni ya mifuatano ya DNA, inakutajia aliye karibu kuliko wote waliomo humo. Kama ndugu yako halisi hajawahi kuwekwa, utapewa jirani, kwa sauti ile ile ya uhakika. Mwani wa maji baridi wa pande zetu umo kwa uchache mno ukilinganisha na wa Ulaya. Na wengine waliomo wamewekwa na watu waliokosea jina tangu kwenye slaidi, jina likarithiwa na kila aliyelinganisha baadaye. Majina ya zamani ya mwani wa Afrika Mashariki nayo yametoka kwenye michoro na karatasi kavu: sampuli za Ziwa Tanganyika alizokusanya Cunnington mwaka 1904 na 1905, kwa mfano, ziliandikwa na G. S. West mwaka 1907, kwa ustadi mkubwa wa kalamu. Mchoro haukatwi ukatoa DNA. Ukitaka kuunganisha jina la West na herufi zako, unarudi kwenye umbo ulilolikimbia, tena kwenye maji yale yale aliyochota Cunnington.

rbcL ya Chara zangu mbili ilirudi sawa, herufi kwa herufi. Rafiki zangu wakapiga makofi: spishi moja, mambo yamekwisha. Mimi sikuridhika, na sababu ni Ulaya. Kule kuna Chara ambazo jicho linazitenganisha vizuri kwa vimiba na safu za koti, lakini jeni zinazotumika kwa kawaida haziziachanishi hata kidogo. Vinasaba kufanana kunaweza kuwa na maana ya udugu wa karibu, na kunaweza kuwa na maana kwamba umechagua kipande kilicholala.

Ndipo zikaja ndoo. Nilichukua udongo wa shimo moja, nikaugawa kwenye ndoo za plastiki, nikaotesha Chara zote mbili, nikazipanga uani kwa shangazi Ngamiani, jua lile lile, maji ya tangi lile lile. Shangazi alizitazama siku mbili tatu.

"Mwanangu, hizi ndoo umeniwekea za nini?"

"Shangazi, ni utafiti. Nataka kuona kama hizi mbili ni ndugu."

"Ndugu wa mbu? Maana usiku nimekesha."

Alikuwa na haki yake, na dengue si mchezo. Nikafunika kwa chandarua kilichozeeka na kuweka perege wadogo wawili wale viluwiluwi. Perege hao walikua kuliko utafiti wenyewe. Lakini machipukizi mapya yalipotoka, yale legevu ya shimo la kivuli yalikuja mafupi, yenye pingili zilizobanana na vimiba, na mwisho sikuweza kuzitambua ndoo bila kusoma kibandiko. Urefu ule na ulegevu ule ulikuwa mwanga hafifu tu. Kwangu ndoo zilikuwa na uzito kuliko mashine, na ziligharimu chandarua kibovu. Tangu hapo mtu akiniambia amepata spishi mpya, kabla ya kuuliza jeni nauliza kama ameilea.

Lebo yake bado inasomeka Chara aff. zeylanica, yaani inakaribia hapo. Oospora zake, yaani mbegu zake, sijaziona vizuri chini ya hadubini ya elektroni, na kundi lile lina tabia ya kuficha spishi kadhaa ndani ya sura moja. Kwenye karatasi ya hebariamu, hifadhi ya mimea iliyokaushwa, nimebandika mmea, nikaweka bahasha ya silika, tarehe, mahali na namba ya mfuatano. Atakayekuja na jicho zuri zaidi atavikuta vyote pamoja.

Uvumilivu huo hauna nafasi kwenye maji ya kunywa. Mwishoni mwa kiangazi kimoja niliitwa na mzee mmoja wa upande wa Muheza. Bwawa lake la perege lilikuwa na utando mzito wa kijani, na kwenye mawe ya ukingoni doa la bluu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu uone. Watu wanasema nitie mrututu utaisha kesho."

"Ungeisha kweli mzee. Ila naomba usitie kwanza."

Chini ya hadubini hapakuwa na ubishi: makundi ya seli ndogo za duara, zenye weusi wa vipovu vya gesi, zimetapakaa ndani ya ute. Microcystis. Lakini hapa jicho linafika mwisho wake. Ndani ya bwawa moja, hata ndani ya tone moja, kuna Microcystis wenye uwezo wa kutengeneza sumu ya ini iitwayo microcystin na wasio nao, na hakuna lenzi inayowatenganisha. Tofauti iko kwenye jeni: kundi la jeni 10, mcyA mpaka mcyJ, lililosomwa kikamilifu mwaka 2000. PCR ya mcyE, mojawapo ya hizo, ilijibu "ndiyo". Hata hiyo "ndiyo" ina mipaka, kwani kuwa na jeni ni kuwa na jiko, si kusema kwamba ugali umepikwa. Kiasi cha sumu hupimwa chenyewe, na Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha mikrogramu 1 kwa lita kwa maji yanayonywewa siku zote. Sikuwa na kipimo hicho siku ile.

Nilichomwambia hakikuhitaji kipimo. Mrututu unapasua seli, na sumu iliyokuwa imefungiwa ndani inamwagika majini yote kwa pamoja. Kuchemsha hakuiondoi. Mbuzi wasinywe hapo. Samadi ya kuku anayomimina kila wiki isimame, na pumba zisimame, kwa sababu ndizo zinazolisha huo utando. Utando utolewe kwa upande unakosukumwa na upepo, kwa ndoo na glavu, ufukiwe mbali na kisima.

"Na hao samaki je? Mbona wanaula huo huo na hawafi?"

Swali zuri kuliko niliyowahi kuulizwa kwenye mikutano. Ukoo wa perege na sato una tumbo la asidi kali sana. Mtafiti Moriarty alilionyesha hilo miaka ya 1970 kwa samaki wa Ziwa George, Uganda, kwamba asidi hiyo ndiyo inayovunja seli za sainobakteria ambazo samaki wengine huzitoa zikiwa nzima. Wanashiba kwelikweli. Sumu nayo hukusanyika zaidi kwenye ini na matumbo kuliko kwenye minofu.

"Kwa hiyo niwauze au niwaache?"

"Waache mzee. Wahamishie kwenye lile bwawa la juu lenye maji yanayotembea, wakae wiki kadhaa, tupime tena. Na ukiwauza, wauze wametolewa matumbo."

Akahesabu kwa vidole, akaniuliza magunia mawili ya pumba aliyonunua juzi kwa mkopo ayafanye nini. Mke wake alijibu kabla yangu kwamba kuku wapo.